Spiriti kwenye Sikio la Mkunga

Wodini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Antena, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na tisa aliyokuwa mkunga, mwenzake akihangaika juu ya tumbo la mama mjamzito, akisikia ngurumo za utumbo tu na mikwaruzo ya shuka, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa akija na fetoskopu yake, kile kipembe kidogo cha mbao ambacho mdomo wake mpana huwekwa tumboni na kisahani chake hubanwa sikioni, anainama, anafumba macho, na kabla hujahesabu hadi tano anasema, "Huyu hapa. Amegeuza mgongo kulia, mjanja huyu." Kisha alihesabu mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika nzima, akiangalia saa yake ya kifuani, na hesabu yake haikuwahi kubishiwa.

Sikio alilotumia lilikuwa la kulia. La kushoto lilimtoka usaha utotoni, na tangu wakati huo lilikuwa kama dirisha lililopigiliwa misumari. Wachache walijua hilo. Antena mwenyewe hakulitaja, kwa sababu hakuona haja ya kulitaja. Sikio moja zima lilimtosha, na kazi ilikwenda.

Taabu ilianza na agizo jema. Watoto wawili waliozaliwa juma moja walipata maambukizo ya ngozi, na Sista Mkuu, msimamizi wa wodi, akaamuru kwamba kuanzia siku hiyo kila fetoskopu ifutwe kwa spiriti kabla na baada ya kila mama. Wengine walifuta shingo upande, walipokumbuka. Antena hakuwa mtu wa namna hiyo. Alitembea na kichupa cha spiriti mfukoni mwa sare, akifuta kipembe juu na chini, na kwa kuwa akina mama walikuwa wengi na muda mfupi, alikibana sikioni kabla hakijakauka. Mara thelathini kwa siku ubaridi ule ulimwingia. Aliupenda. Ulikuwa na harufu ya usafi.

Baada ya mwezi mmoja sikio lilianza kuwasha. Kwanza ilikuwa kama unyoya unamtekenya, kisha kama mdudu, kisha ikawa anakatiza mazungumzo ili ajikune kwa kidole kidogo. Akaanza kuona unga mweupe kwenye kola ya sare yake, na mara moja, alipoinua kipembe kutoka sikioni, aliona vipande vyembamba vya ngozi vimebaki kwenye kisahani, kama maganda ya kitunguu saumu. Akavifuta kwa spiriti. Halafu akafikiri kwamba kama kisahani kimechafuliwa na sikio, basi sikio lenyewe ndilo linalohitaji kusafishwa. Akachovya pamba, akalipaka ndani hadi kidole kilipofika. Liliungua kidogo, mwasho ukakoma, na kwa robo saa alikuwa mtu mwenye furaha.

Nyumbani nako hakupata wa kumzuia. Mumewe alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye kiti kimoja cha kuzunguka na kioo kilichopasuka pembeni. Katika nyumba ile, spiriti ilikuwa dawa ya kila kitu. Mke aliitumia kwa vyombo vya wodi, mume aliitumia kwa shingo za wateja. Jioni moja mume alimpuliza mkewe unga uliokuwa begani.

"Mama watoto, mba za watu wengine hukaa kichwani. Zako zimehamia sikioni?"

"Niache. Ni ukavu tu."

"Ukavu gani unaotoa unga wa kutosha kukanda? Hebu kaa hapa kwenye kiti." Akamgeuza kuelekea kwenye mwanga, akaangalia. "Huku ndani pamekuwa kama ukuta unaobanduka rangi. Ngoja nikupake."

"Nimeshapaka kazini."

"Ulipaka ya serikali. Hii yangu ni kali zaidi."

Walicheka wote wawili, naye akampaka. Antena alikunja uso, akapiga mguu chini, akasema, "Ongeza."

Ndivyo ilivyoendelea kwa karibu miezi mitatu. Spiriti ilituliza mwasho kwa muda, kisha ngozi ikakauka zaidi ya jana, ikapasuka, ikawasha zaidi, naye akapaka tena. Pale pamba isipofika alitumia upande wa duara wa pini ya nywele, akikwangua polepole, macho kayafumba kwa raha. Baada ya hapo majimaji yalitoka kidogo, yakakauka na kuwa gamba, na gamba jipya likakaa juu ya la zamani.

Siku aliyogundua kwamba hasikii vizuri, hakuwa kazini. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mumewe akimnyoa mteja, na mashine ya kunyolea ilisikika kama nyuki ndani ya chupa. Alidhani imeharibika. Akageuza kichwa, sauti ikabadilika. Akageuza tena. Mashine ilikuwa nzima.

Hakumwambia mtu. Wodini kulikuwa na mkunga mmoja wa zamani aliyeota mtoto wa jicho. Alipokosea kusoma lebo ya dawa alihamishiwa stoo, na hadi alipostaafu alikuwa akikunja mashuka na kuhesabu foronya. Antena alikuwa akipita pale stoo, anamwona yule mama amekaa peke yake kati ya marundo meupe, mikono yake iliyopokea watoto wasiohesabika ikinyoosha pindo za mashuka. Wazo kwamba na yeye angeweza kumwaga unga kwa namna ile, akiwa na miaka arobaini na minne tu, lilimfanya ajitie hamnazo. Alianza kubana kipembe kwa nguvu zaidi. Alianza kuwaomba akina mama wafunge midomo. Alifunga madirisha hata wakati wa joto.

Kilichomsaidia kujificha ni rafiki yake. Mkunga aliyefanya naye zamu aliitwa Kipaza, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye hata siri aliisema kwa sauti ya kuuzia samaki. Mtu yeyote angemsikia Kipaza, hata aliyezibwa masikio kwa nta, kwa hiyo wawili hao waliendelea kusemezana kama kawaida na hakuna aliyeshuku kitu.

Asubuhi ya tukio lenyewe, saa mbili, alipokelewa mwalimu wa shule ya msingi, mimba yake ya kwanza, uchungu umeshaanza vizuri. Alikuwa mwanamke mtaratibu aliyekunja kanga zake kwa ukubwa sawa na kuomba radhi kila alipopiga kelele. Chombo cha umeme cha kusikilizia mapigo kilikuwa kimechukuliwa na watu wa upasuaji, kwa hiyo kazi ilikuwa ya kipembe. Saa tatu na nusu Antena alisikiliza, akapata mapigo kwa mbali, mia moja na arobaini, akaandika kwenye chati.

Saa nne kamili akasikiliza tena. Alisubiri mkazo upite, akainama, akabana sikio. Alisikia kitu. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, du, du, du, na akaanza kuihesabu. Lakini ilikuwa ya taratibu mno. Akashika kifundo cha mkono cha mwalimu, kama alivyofundishwa, kuona kama ni mapigo ya mama. Hayakulingana, ya mama yalikuwa yanakwenda mbio kwa sababu ya uchungu. Basi ilikuwa ya nani? Akapeleka vidole viwili shingoni mwake mwenyewe.

Du, du, du. Alikuwa akihesabu moyo wake.

Alihamisha kipembe chini kidogo. Pembeni. Juu. Kila mahali alijikuta yeye.

"Anaendeleaje, dada?" mwalimu akauliza.

Kinywa chake kilikuwa kimejibu swali hilo kwa miaka kumi na tisa, na kilijibu chenyewe. "Anakimbia vizuri, mwalimu. Mwanariadha huyu."

Akaenda mezani, akashika kalamu. Kisanduku cha saa nne kilikuwa kitupu. Aliandika mia moja thelathini na sita. Ilikuwa namba nzuri, iliyokaa katikati, isiyomshtua mtu. Wino ulipokauka alijiambia kwamba mtoto aliyekuwa mzima nusu saa iliyopita hawezi kuwa amebadilika, na kwamba saa nne na nusu atasikiliza tena, kwa utulivu, baada ya kusafisha sikio. Akatoa kichupa mfukoni. Akaanza kuchovya pamba.

Mkazo mwingine ulipokuja, mwalimu alinyoosha mkono, akamshika, akabana vidole vyake hadi mifupa ikagusana. Ulipopita, alihema, akatabasamu kwa aibu.

"Samahani. Wewe ndiye Antena, sivyo? Dada yangu alijifungulia hapa. Aliniambia nikifika nikuulizie wewe, wengine niwape shikamoo tu."

Antena alimwangalia. Alitaka kucheka, kwa kuwa ulikuwa mzaha, lakini uso haukukubali. Aliutoa mkono wake polepole, akapiga moyo konde, akatoka hadi chumba cha pili.

"Kipaza, njoo unisikilizie mtoto."

"Nani? Mimi?" Kipaza alishika kiuno. "Jamani, kuna nini leo? Antena imekosa mawimbi! Mpandisheni mtu juu ya bati akaizungushe!"

"Njoo, nakuomba."

Kipaza alikuja akicheka, akamsalimia mwalimu, akainama na kipembe. Cheko lilikuwa bado mdomoni alipoanza kuhesabu. Kisha likaondoka. Midomo yake ilihesabu bila sauti, macho hayakutoka kwenye saa, na dakika ilipokwisha alisimama, akamsogelea Antena ili mwalimu asisikie, akasema kitu. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kunong'ona.

"Ngapi?" Antena akauliza.

Kipaza akasema tena.

"Sikusikii. Ngapi?"

Kipaza alimkodolea macho. Alimshika bega, akamgeuza, akaangalia lile sikio jekundu lenye magamba, akaelewa mambo mawili kwa mpigo. Akasema kwa sauti yake halisi, "Themanini na nane!"

Saa ya ukutani ilikuwa nne na dakika kumi na moja.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na Antena aliyafanya yote sawasawa, maana mikono yake haikuwa na kasoro. Walimlaza mwalimu ubavu, wakampa oksijeni, daktari akaitwa, kitanda kikasukumwa hadi chumba cha upasuaji. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Alitolewa akiwa mlegevu, rangi ya majivu, na ikabidi apumulishwe kwa mfuko wa kusukuma hewa. Antena alisimama karibu na meza ndogo alipolazwa mtoto, akiangalia kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi ya kuazima. Hakujua mtoto alilia lini. Aliona tu mdomo umefunguka, na Kipaza ameinua mikono juu akimshukuru Mungu.

Mchana, walipokuwa wakikamilisha maandishi, Kipaza alivuta kiti karibu na sikio lake. Alijitahidi asipige kelele.

"Sikiliza, shoga yangu. Saa nne uliandika mia na thelathini na sita. Saa nne na kumi na moja mimi nikapata themanini na nane. Kitovu kikibana, moyo unaweza kuporomoka ndani ya dakika mbili. Hakuna atakayekuuliza. Tena wewe ndiye uliyeniita."

"Najua."

"Basi acha ilivyo. Ukatibiwe sikio, urudi, yaishe."

Antena aliitazama ile namba. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, kama nyingine zote kwenye ile chati, na hilo ndilo lililomwumiza. Namba ya uongo haikuonekana tofauti. Kama hii ingebaki, basi hata zile za kweli alizoziandika kwa miaka yote hakuna ambaye angeweza kuziapia, hata yeye mwenyewe. Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu yake, namna sheria inavyotaka, ili kilichofutwa kiendelee kusomeka. Pembeni akaandika: *Haikusikika*. Akaweka saa, akaweka sahihi.

"Umejimaliza," Kipaza alisema, na machozi yakamlengalenga.

Sista Mkuu aliisoma ile chati akiwa amesimama. Hakufoka. Aliuliza tangu lini, naye akajibu tangu wiki sita hivi. Aliuliza ni akina mama wangapi, naye akasema hajui. Mwishoni Sista alimpa karatasi ya kumwona daktari wa masikio saa ileile, akamwambia asiguse fetoskopu hadi atakapopewa ruhusa kwa maandishi, na kwamba kikao kuhusu suala lake kitakaa wiki inayofuata.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye taa kipajini. Alichungulia, akanusa, akanusa tena.

"Mama, unatia nini humu?"

"Spiriti."

"Muuguzi kabisa? Sikio si kidonda, na si kipimajoto." Alianza kuondoa magamba kwa kimrija kidogo cha kunyonyea, akiongea bila kumtazama. "Ngozi ya ndani ya sikio ni nyembamba sana. Nta mnayoiona uchafu ndiyo mafuta yake. Inalinda, na inatoka yenyewe. Wewe umeiosha yote, ukaikausha ngozi kwa spiriti mara ngapi kwa siku?"

"Thelathini. Zaidi."

"Thelathini. Ikapasuka, ikawasha, ukaikuna. Kwa kitu gani?"

"Pini ya nywele."

Daktari alishusha pumzi. "Ukaichubua, ikavimba. Uvimbe na magamba vimeziba njia. Ngoma ya sikio ninaiona, ni nzima. Una bahati kuliko unavyostahili. Una mba kichwani?"

"Wakati wa baridi."

"Basi ngozi yako ni ya kubanduka toka asili, na huu mwasho utakuwa unarudi mara kwa mara. Ukirudi, usiupige vita." Akaandika matone ya kupunguza uvimbe kwa siku kumi, na sabuni ya kutibu mba kichwani. Maji yasiingie, akioga aweke pamba iliyopakwa mafuta mazito mlangoni mwa sikio. Vijiti vya pamba, pini, njiti, ufunguo, vyote marufuku. Ngozi ikishapona, tone moja au mawili ya mafuta ya zeituni pale ukavu unapoanza, lakini si kama sikio linauma, linatoka usaha au ngoma imetoboka. "Na hicho kipembe, ukikifuta, subiri kikauke. Usikivu ukipungua, unakuja kwangu siku hiyohiyo. Hungojei."

Daktari alipolinyonya gamba la mwisho, sauti ya mashine iliingia ghafla kwa ukubwa wake wote, Antena akaruka kitini. Alisikia viatu ukumbini. Alisikia karatasi. Alishika uso kwa mikono miwili, akalia. Wala haikuwa kwa furaha tu.

Nyumbani alimweleza mumewe akiwa amekaa kwenye kiti kilekile cha kuzunguka. Kinyozi alisimama na taulo begani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekupaka ile kali."

"Mimi ndiye niliyesema ongeza."

"Na yule mtoto?"

"Ananyonya. Wanasema watamfuatilia akikua, waone kama kuna athari."

Mume aliangalia rafu ya chupa zake, akafikiri. "Mzee wa pale kwa fundi viatu analalamika masikio kila akinyolewa. Nami nampaka hadi ndani, nadhani namtendea wema." Akakaa chini sakafuni, karibu na miguu ya mkewe. "Mama wa mtoto anajua?"

"Anajua kitovu kilimzunguka mtoto. Hajui yangu. Sista amesema chati itajieleza kwenye kikao, mimi nisimwendee."

"Basi usimwendee."

Antena aliambiwa abaki nyumbani, na kwa siku tatu alibaki, akitia matone manne asubuhi na manne jioni, amelala ubavu, akisikiliza nyumba yake kana kwamba amehamia jana. Alisikia bawaba, kuku, mkasi. Kila alichokisikia kilimrudisha kwenye dakika zile kumi na moja ambazo hakusikia kitu na akasema anasikia. Siku ya nne, siku ambayo mwalimu alitarajiwa kuruhusiwa, alivaa nguo za kawaida, akaenda hospitali.

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, kanga zimekunjwa tayari, mtoto amelala mapajani. Alimwona, uso ukachanua.

"Antena! Nilikuwa nakuuliza. Nimeambiwa wewe ndiye uliyeita mwenzako. Umemwokoa huyu."

Antena hakukaa. "Mwalimu, nimekuja kukuambia jambo, na nikimaliza una haki ya kusema lolote." Akamwambia. Alimwambia kuhusu sikio, kuhusu spiriti, kuhusu moyo wake mwenyewe alioukuta kila alipoweka kipembe. Alimwambia kuhusu namba. "Kuanzia hapo hadi mwenzangu alipomsikia mtoto zilipita dakika kumi na moja. Sijui kama alikuwa ameshaanza kuchoka wakati ule. Huenda ndiyo, huenda hapana. Sikusikia, na nilikuambia nimesikia."

Mwalimu aliangalia chini, akagusa kidole gumba cha mtoto, akakifungua na kukifunga.

"Nilikuuliza," alisema hatimaye. "Nilikuuliza anaendeleaje."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia anakimbia. Ukaniambia ni mwanariadha. Nami nikalala nikijua ni mwanariadha."

"Ndiyo, mwalimu."

Mtoto alipiga chafya, mama akamfunika. Antena aligeuka nusu, akidhani ameshafukuzwa, lakini mwalimu alinyoosha kidole kwenye kiti cha wageni kilichokuwa karibu na dirisha.

"Kaa. Baba yake anakuja kutuchukua, yuko njiani. Sitaki kuwa mimi ndiye nitakayemweleza. Utamweleza mwenyewe, kama ulivyonieleza mimi, usipunguze kitu."

Antena alikaa. Baada ya muda, mwisho wa ukumbi, alisikia mlango ukifunguliwa na viatu vya mwanaume anayetembea kwa haraka, anayeuliza wodi ni ipi, sauti yake imejaa furaha. Alisikia kila neno.